Namba Sita za Kisasi

Asubuhi ile nilinyoa ndevu vizuri, nikavaa shati jeupe ambalo marehemu mke wangu alininunulia na hakuwahi kuniona nimelivaa, nikatoka kwenda kulipa kisasi cha miaka mitano. Sikubeba panga wala rungu. Nilibeba simu yenye namba sita zilizoingia saa mbili kasorobo, nikampa mama mmoja wa duka la kompyuta karibu na stendi, nikamwonyesha pa kubonyeza. Saa tatu na dakika kumi kazi ilikuwa imekwisha. Binti yangu, aliyekuwa bado nyumbani akipiga pasi sketi yake, alikuwa tayari mwanafunzi wa uhandisi katika chuo asichokitaka.

Vyuo viwili vilimpokea. Kimoja kipo hapa hapa mjini. Ukisimama juu ya paa la soko unaliona bati lake la bluu. Kingine kiko mbali, basi linalala njiani. Aliyepokelewa vyuo viwili alitakiwa kuthibitisha kimoja kabla ya saa kumi jioni siku ile, kwa namba za siri zinazotumwa kwenye simu. Simu iliyoandikwa kwenye fomu ilikuwa yangu, kwa sababu alipojaza yeye hakuwa nayo. Na nenosiri lake lilikuwa tarehe ya kuzaliwa ya mama yake. Hakuniambia. Nilijua tu, kama baba anavyojua.

Yeye alikitaka cha mbali. Mimi nilimtaka aende cha mjini kwa ajili ya mtu mmoja, mkuu wa idara ya uhandisi.

Mtu huyo ndiye aliyekagua ngazi ya chuma ya kiwanda cha sabuni, mke wangu alipokuwa mfungaji wa katoni pale. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Niliitwa kiwandani kurekebisha geti, nikaona ufa kwenye kiungo cha ngazi, mwembamba kama unywele, umepakwa rangi juu ili usionekane. Nikamwendea nikamwambia. Alikuwa na kofia ya plastiki nyeupe isiyo na hata doa. Akaipanda ile ngazi, akashuka, akaigonga kwa kalamu yake, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi pale asipotaka kukaribishwa, akasema mafundi wa mitaani tunapenda kutisha watu ili tupate kazi. Akatia saini. Wiki ya kumi ngazi ikashuka na mke wangu. Ripoti akaiandika yeye huyo huyo, picha ya mke wangu akaibandika ukurasa wa kwanza, na chini yake akaandika kwamba marehemu alizidisha mzigo. Mwaka uliofuata akapandishwa cheo. Wakubwa ndivyo walivyo. Kitu kikianguka, basi ameangusha mtu wa chini.

Sasa binti yangu amechukua sura ya mama yake yote, paji la uso, mwanya, hadi ile namna ya kukutazama kama anayekusubiri umalize uongo wako. Hicho ndicho kilikuwa kisasi changu. Akae mstari wa mbele. Kila asubuhi, miaka minne, yule bwana ainue macho kwenye vitabu vyake akutane na mwanamke aliyemsingizia akiwa kaburini.

Nilizunguka mjini na ushindi wangu hadi adhuhuri, kisha nikaenda kwa Bi Ramani.

Ndivyo mtaa mzima unavyomwita, kwa sababu duka lake linachapa ramani za majengo. Ana mashine ndefu kama kitanda inayotoa karatasi pana polepole, na yeye husimama mbele yake akiipokea kwa mikono miwili kama anampokea mtoto mchanga. Penseli huwa nyweleni. Vidole vina wino. Nilikuwa nimezoea kukaa kwenye kigoda nilichomchomelea mwenyewe, nikinusa joto la karatasi na yale mafuta anayopaka shingoni, nikisahau kwa dakika kumi au ishirini kwamba mimi ni mtu mwenye hasira. Na alikuwa mdogo wake yule mhandisi. Tumbo moja.

"Umenyoa," akasema bila kuinua kichwa. "Unakwenda mahakamani au kuposa?"

"Nimeshatoka."

Hapo akainua macho. Mwanamke huyu ana macho yanayokushika mkono. Nikamweleza kila kitu, namba, mama wa stendi, mstari wa mbele, miaka minne. Nilieleza kwa raha, nikidhani ataniogopa kidogo na kunihurumia sana. Akaniuliza kama mtoto mwenyewe anajua. Nikasema atajua, na atanishukuru. Akaweka mkasi mezani taratibu.

"Umempeleka mwanao akawe picha ya ukutani," akasema. "Miaka minne akae pale atazamwe. Kusoma atasoma saa ngapi?"

Akanieleza nisiyoyajua. Binti yangu alikuwa akija pale kila wiki kusoma habari za kile chuo cha mbali. Kule kuna mashine inayokamata chuma huku na huku, inakivuta hadi kikatike, na wanafunzi wanaandika kimekatika kwa uzito gani. Chuo cha mjini hakina. Kina picha ya mashine hiyo kwenye kitabu. Mtoto alikuwa ameihifadhi habari hiyo kama wasichana wengine wanavyohifadhi barua za wapenzi wao.

Nikamwambia anamtetea kaka yake. Akajibu kwamba hajazungumza na kaka yake kwa miezi mitatu, na kwamba sababu ni mimi, kwa kuwa kaka alitamka mbele ya ndugu wote kuwa binti wa baba yao hataolewa na mchomelea mageti. Nilikuwa sijui hilo. Badala ya kulainika, nikazidi kuwaka. Kiburi cha mtu asiyesoma ni kibaya, kinamfanya aseme hata yale yaliyo mabaya kwake mwenyewe.

"Hata wewe nilikujia kwa ajili yake," nikasema. "Nilipanga nikupende hadi siku ya posa, ndugu zako wamekaa, viti vimepangwa, nisitokee. Naye aone kuchukuliwa mtu kunavyouma."

Mashine ilikuwa inatoa ramani ya nyumba ya mtu. Aliisubiri imalize. Akaikata, akaikunja, akaiweka pembeni.

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza. Uliniletea mchoro wa geti la zahanati nikunakilie, ukasema ndiyo unataka kuanza kulitengeneza. Geti lile nalipita kila asubuhi, Fundi. Lilikuwa limeshasimama, limepakwa na rangi ya kijani. Na nilijua mke wako alifia kwenye ngazi iliyokaguliwa na nani."

Nikamuuliza mbona hakunifukuza.

"Nilitaka nione utafika wapi. Halafu ukarudi mara ya pili." Sauti ikamshuka. "Mara ya pili ulisahau kuja na mchoro wowote."

Ilikuwa kweli. Nilisimama mlangoni siku ile mikono mitupu, nikasema nimekuja kuangalia kama mvua imeingia dukani, na ilikuwa kiangazi. Nikafungua kinywa nimwambie kwamba tangu siku hiyo hakukuwa na mpango tena, ni mimi tu na miguu yangu. Lakini maneno hayakuwahi, kwa sababu binti yangu aliingia na sketi yake iliyonyooka, amebeba bahasha, anatabasamu.

Akamwamkia Bi Ramani, ambaye humwita anti, akaniamkia mimi, akashangaa shati. Kisha akavuta kiti mbele ya kompyuta na kuniuliza kama namba zimeingia. Nilitaka kudanganya. Bi Ramani alinitazama mara moja tu, nikashindwa. Binti akafungua ukurasa wake, akausoma, akausoma tena akifuata maneno kwa kidole.

"Umetumia tarehe ya mama," akasema.

Hakulia. Ningeshukuru angelia. Nikaanza kumweleza ule mstari wa mbele, jinsi yule bwana atakavyokosa usingizi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia sauti yangu ikifanana na ya mtu anayeuza kitu kibovu. Akaniacha nimalize. Ni adabu aliyofundishwa na mama yake.

"Baba, mimi sitaki anione," akasema. "Anione halafu iweje? Nataka nijue chuma kinavunjika vipi. Nijue kuliko yeye. Nataka siku moja aletewe karatasi yenye saini yangu, aisome mbele ya watu, akose pa kuficha uso. Unadhani ni wewe peke yako mwenye hasira nyumbani kwetu?"

Miaka mitano nimelala ukuta mmoja na mtoto huyu nikidhani nimebeba peke yangu. Nilitazama sakafu.

Bi Ramani alikuwa ameshasogea kwenye kompyuta na anasoma kanuni kwa sauti. Aliyethibitisha anaweza kuachiliwa siku hiyo hiyo, lakini kwa barua ya mkuu wa idara ya chuo alichothibitisha, yenye saini na muhuri, ikitumwa kabla ya saa kumi. Akasoma mara mbili ili nielewe. Nilikuwa nimeelewa ya kwanza. Nilikuwa nimemchukua mwanangu nikamweka mkononi mwa mtu yule, na sasa ni lazima nimwombe afungue kiganja.

Ilikuwa saa saba na nusu. Bi Ramani akachukua simu.

"Kaka," akasema, baada ya miezi mitatu, "njoo dukani. Na muhuri wako." Akakata.

Huku tukimsubiri, akakaa akaichapa barua mwenyewe, mistari minne. Kigoda changu alikisogeza kwa mguu hadi mbali na meza yake, nikakaa huko huko kama mgonjwa wa kuambukiza.

Alifika saa nane na nusu, mnene vile vile, viatu vinang'aa. Akaanza na mdogo wake, akisema alijua tu ataitwa siku moja. Kisha binti yangu akageuka kutoka kwenye kompyuta na kumtazama.

Nawaambia nyinyi mnaosoma, nilikipata. Kile nilichopanga kienee miaka minne nilikipata chote kwa mara moja. Rangi ilimtoka. Mkono wake ulipapasa nyuma kutafuta kiti na hakukuwa na kiti. Midomo ilifunguka kama anayetaka kutaja jina. Nilimeza ile sura yake kama maji ya baridi. Halafu akakohoa, akavuta koti, akawa mkubwa tena, na mimi nilikuwa bado nina kiu.

Akasoma barua. Akatabasamu.

"Kumbe leo fundi ananihitaji."

Nikasimama. Nikasema ndiyo, namhitaji, na namwomba atie saini kwa sababu kosa ni langu, si la mtoto. Nilitamka neno "naomba" vizuri kabisa. Alimgeukia binti yangu kwa sauti ya asali, akamwambia ya nini kuhangaika na safari, abaki hapa hapa, yeye mwenyewe atamwangalia kama mwanawe, na atahakikisha hakosi kitu.

"Naomba kuuliza kitu, mheshimiwa," binti akasema.

Akamruhusu.

"Mama alikuwa na kilo hamsini na nane. Nina kadi yake ya kliniki. Katoni moja ya sabuni ina kilo kumi na mbili, na alibeba mbili. Zote ni kilo themanini na mbili. Wewe una kilo ngapi?"

Mhandisi akatazama tumbo lake kabla hajajizuia. Bi Ramani aligeukia ukutani.

"Nauliza kwa sababu ulipanda ngazi ile siku ya ukaguzi," binti akaendelea, polepole, kwa heshima zote. "Sasa nani kati yenu alizidisha mzigo?"

Alianza kueleza habari za kutu, za wenye kiwanda, za vifaa alivyonyimwa, za wakubwa waliomharakisha. Naye ana wakubwa wake, kumbe, na naye anawalaumu. Alipoona hakuna anayemsaidia maneno akaniangukia mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa nimeinama.

"Nitasaini," akasema. "Ila uachane na dada yangu. Usimfuate, usimpigie simu, usikanyage duka hili. Ahidi hapa, mwanao akisikia."

Nilimtazama Bi Ramani. Alikuwa anakunja ramani, ukingo kwa ukingo, anapitisha ukucha juu ya mkunjo. Nilimwomba moyoni ainue uso, mara moja tu, anipe hata chuki. Hakuinua. Nikasema moyoni, ana haki. Mwanamume aliyemjia kwa hila, leo anamtoa kama fidia.

"Baba, usikubali," binti akasema. "Nitasoma hapa hapa. Nimeshazoea."

Hilo ndilo lililonimaliza. Mtoto wa miaka kumi na tisa hapaswi kuniambia ameshazoea.

"Naahidi," nikasema.

"Sema yote."

Nikasema yote. Sitamfuata. Sitampigia simu. Sitakanyaga duka lake nikishatoka. Kila neno lilikuwa kama kukwangua kwa tupa mahali penye nyama. Akasikiliza hadi mwisho, akapiga saini, akapuliza wino, akagonga muhuri.

Binti aliinyakua barua, akaiweka kwenye mashine ya kunakili, ikaingia kwenye kompyuta, akaituma. Tukasubiri. Hakuna aliyekaa. Saa tisa na robo ukurasa ukabadilika, na simu yangu ikalia mfukoni, namba sita mpya. Sikuzisoma. Nilimpa simu yote mkononi nikageuka nikatazama barabarani, watu wanapita na mizigo yao, hadi niliposikia kitufe kimebonyezwa na pumzi ndefu ya mtoto wangu.

"Imekubali," akasema. "Kule kwa mashine."

Mhandisi akachukua muhuri wake. Alimwambia mdogo wake kwamba sasa ameona kwa macho yake jamaa huyu ni mtu wa aina gani, amemtoa kwa karatasi moja, na kwamba siku nyingine awe anasikiliza wakubwa zake.

"Nimeona," Bi Ramani akajibu. Akaweka ramani ya mwisho kwenye rafu. "Ahadi umeichukua kwake, kaka. Kwangu hujaomba."

"Unasema nini?"

"Yeye hatanifuata. Nitamfuata mimi. Hatanipigia simu, nitampigia. Hapa hakanyagi, sawa. Karakana yake ina mlango."

Mhandisi akasema ile barua anaweza kuifuta hata sasa hivi.

"Imeshafika, mheshimiwa," binti yangu akamwambia, kwa sauti ya karani. "Na imejibiwa."

Nilitaka kucheka, kicheko cha miaka mitano, lakini Bi Ramani akanigeukia kabla hakijafika kinywani. Macho yalikuwa mekundu. Hayakuwa na huruma ndani yake.

"Na wewe usifurahi," akasema. "Ulipanga kuniacha kwenye viti siku ya posa. Basi posa hiyo utaingoja hadi huyu mtoto arudi na shahada yake. Nitakuja karakana, nitakaa, jioni nitaondoka kwangu. Kila jioni utaniangalia ninavyoondoka."

"Miaka minne ni mingi," nikasema.

"Asubuhi si ulimpangia mwanao hiyo hiyo?"

Kaka yake alikuwa amesimama katikati ya duka ameshika muhuri kama mtu aliyeshikishwa kitu cha mwenzake. Nilimwamuru binti azime kompyuta anifuate nyumbani tukapange safari. Kisha nikavuka kizingiti, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi, nikashika njia bila kugeuka.

Nilifika kwenye kona ya duka la rangi nikasikia shata ikishushwa nyuma yangu, kufuli likibanwa, na viatu vya mwanamke vikija kwa haraka juu ya lami, vina hasira bado. Sikugeuka. Nilikuwa nimekatazwa kumfuata. Kupunguza mwendo hakuna aliyenikataza.